Dakika Zilizorudishwa Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumai mguu umepungua uvimbe na mkeo ameanza kukuruhusu kutembea hadi barabarani. Mimi mzima. Huu ni mwezi wangu wa tatu kwenye kiti chako hapa kituo cha damu, na bado watu wakipita mlangoni wanachungulia kama wanakutafuta wewe, kisha wananiona mimi na kusema, "Aa, mpwa wake."

Siku ya kukabidhiana uliniambia mambo ya kazi nisikuulize kwa simu wala kwa barua pepe, kwa sababu unaijua mno mitambo ambamo yanapita. Nilicheka, lakini nimetii. Hii nimeiandika kwa kalamu, na dereva wa gari la damu amekubali kuibeba, maana kila Jumanne na Ijumaa analeta mifuko hospitali ya huko kwenu.

Shida yangu ni lango la intaneti. Mfumo unaujua, wewe ndiye uliyeujenga: mtu akifika asubuhi anaingiza neno lake la siri mara moja tu kwenye kompyuta, seva kuu inampa tiketi, na kuanzia hapo lango likiona tiketi linampisha bila kumuuliza tena. Sasa tangu nianze kazi limegoma mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatano. Saa tisa na dakika chache mchana, kisanduku cha kuuliza neno la siri kilifunguka kwenye kila skrini ya kituo kizima kwa mpigo. Dada wa mapokezi akaandika lake mara sita, likakataliwa mara sita, akaunti ikajifunga. Hospitali tatu zilikuwa zinangoja majibu ya maombi yao ya damu, na maombi yote yanapita hapo langoni. Baada ya kama robo saa kila kitu kikarudi sawa chenyewe. Sikuwa nimegusa chochote.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Kitu kikiharibika kikabaki kimeharibika, nitakipata. Hiki kinapona kabla sijafika.

Nimekagua nyaya zote (vikaratasi vyako vya mwandiko wa sisimizi bado vimeshika), nimezima lango na kuliwasha, nimejaribu kivinjari kingine kwenye kompyuta mbili. Wapi. Mtu pekee asiyelalamika ni Daktari, mkuu wa maabara. Ananiambia, "Chiriku, mitambo nayo huchoka."

Je, enzi zako hili lilikupata?

Mpwa wako,
Chiriku


Ijumaa, 8 Machi

Marahaba, Chiriku wangu.

Mguu unaendelea, ingawa mke wangu anaulinda kuliko nilivyowahi kulinda seva yoyote: hakuna kutoka bila kibali. Barua yako tuliisoma wote mezani, pale penye salamu. Palipoanza mambo ya lango nilihamia uani.

Halikunipata hata siku moja. Lakini nadhani najua pa kuanzia. Lango lina ufunguo wake ambao linashirikiana na seva kuu. Bila huo haliwezi kuisoma tiketi. Ufunguo ukizeeka, lango linakuwa kama mlinzi aliyesahau miwani nyumbani. Futa ule wa zamani, tengeneza mpya. Ukimaliza, pitia orodha ya majina kwenye seva kuu uone kama jina la lango limeandikwa mara mbili, kwa sababu likiwa mara mbili tiketi inakwenda kwa asiyehusika. Kisha pita kompyuta moja baada ya nyingine uhakikishe inaliita lango kwa jina, siyo kwa namba. Ni kazi ya wiki mbili hivi. Usiharakishe.

Nikuulize na mimi. Tangu uingie, kuna kitu ulichokibadilisha pale langoni? Chochote, hata kiwe kidogo namna gani. Niambie mimi kabla hujamwambia mtu mwingine. Na ripoti usiandike kwanza. Wewe bado mgeni pale, na ripoti ikishatoka mkononi mwako hairudi.

Binti yangu Kitinda anakusalimu. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno kama mama mwenye nyumba. Mume wake bado yuko safarini, kwa hiyo atajifungulia hapa kwetu.

Mjomba wako


Ijumaa, 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kwanza jambo dogo. Barua yako ilifika ikiwa imebandikwa ule utepe mweupe wa maabara. Nilimuuliza dereva kama aliifungua. Alikasirika. Anasema aliipokea kwenu imefungwa kwa gundi, akaiacha juu ya kaunta ya mapokezi kwa muda alipokuwa anashusha makasha matupu. Basi.

Yote uliyoniambia nimeyafanya, na kwa siku tano badala ya wiki mbili, maana unanijua. Ufunguo mpya. Jina liko mara moja tu. Kompyuta thelathini na nane, zote zinaliita lango kwa jina. Na Jumatano likagoma tena.

Uliniuliza nimebadilisha nini. Ni kitu kimoja tu: saa. Nilipoingia nilikuta lango linafuata saa ya seva kuu. Nikaliambia lichukue saa kutoka nje, kwenye mitambo ya kimataifa ya saa, kama tulivyofundishwa chuoni. Sikuona kama ni neno.

Sasa sikiliza. Kila tiketi ikionyeshwa langoni inapigwa saa ya wakati huo, na saa hiyo kompyuta zote zinaichukua kwa seva kuu. Lango likiona saa ya tiketi na saa yake lenyewe zimepishana zaidi ya dakika tano, linaitilia shaka na kuikataa. Kwa hiyo nikaacha kulichunguza lango, nikaenda kusoma kumbukumbu za seva kuu. Mjomba, kuna mstari wa saa tisa na dakika nne. Unafuata wa saa tisa na dakika tano. Unafuata wa saa tisa na dakika sita. Na chini yake, mstari unaofuata ni wa saa nane na dakika kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Zinahesabika hivyo dakika kumi na moja, halafu saa inaruka mbele na kurudi mahali pake.

Lango halina kosa lolote. Ndilo pekee humu ndani lililokuwa linasema saa ya kweli.

Mtu anairudisha saa ya seva kuu nyuma. Bado sijajua nani. Nilimgusia Daktari tulipokutana kwenye birika la chai. Alikuwa anakoroga, akaacha kukoroga. Akaniuliza, "Nani mwingine umemwonyesha?" Nikasema hakuna. Akasema, "Vizuri," akaondoka, chai yake akaiacha pale.

Niambie nifanye nini.

Chiriku


Jumanne, 19 Machi

Chiriku,

Ni betri. Kwenye ubao mkuu wa ile seva kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ndiyo inayotunza saa. Ile seva ni kuukuu, betri imechoka, saa inayumba. Nilitakiwa kuibadilisha kabla sijastaafu, nikasahau. Lawama ni yangu.

Badilisha betri, na ulirudishe lango lifuate saa ya seva kuu kama nilivyoliacha. Nililiweka hivyo kwa sababu. Mitambo ya nyumba moja ifuate saa moja, hata kama ni saa mbovu. Ikipotea ipotee pamoja. Ukifanya hivyo kisanduku hakitatokea tena na watu watakuacha upumue.

Daktari usimuulize tena. Ana mambo mengi kichwani. Dawa za kupimia zinachelewa kufika kila mwezi, hospitali zinampigia kelele, na hajawahi kumwangusha mtu. Mwache.

Nasema haya kama mjomba wako, ndugu wa mama yako, siyo kama fundi. Kazi hii uliipata kwa jasho lako na kwa neno langu. Usiichezee.

Mjomba


Jumatatu, 25 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hii inakuja kwa posta. Dereva amehamishiwa njia nyingine tangu Ijumaa, na huyu mpya hanitazami usoni.

Betri nimebadilisha. Lango sijalirudisha. Jumatano tarehe 20 saa ilirudi tena, safari hii dakika hamsini, na betri yenyewe ni mpya kabisa. Betri haichagui siku za kazi, Mjomba. Wala haisubiri watu watoke kula.

Nimeipata akaunti inayofanya hivyo. Kaa chini kama umesimama. Ni yako. Ile ya usimamizi, yenye jina lako la utani, Mzee Waya. Ilitakiwa kufungwa siku uliyoaga. Haikufungwa, na mtu ameiba neno lako la siri na kujificha nyuma ya jina lako, wewe ukiwa huko unauguza mguu. Nilipoliona jina kwenye skrini nilipata hasira kwa niaba yako.

Na sasa najua wanaiba nini. Nilichukua daftari la dirishani, lile ambalo dada anaandika kwa mkono mfuko gani umetoka saa ngapi, nikalilinganisha na mfumo wa maabara. Mfumo wa maabara unachukua saa kutoka seva kuu na haumruhusu mtu kubadilisha saa ya jibu. Tarehe 20 mifuko sita ilitoka kwenye saa nane na nusu. Majibu yake yanasema ilipimwa saa nane na robo. Lakini majibu hayo yaliandikwa ndani ya zile dakika zilizorudishwa, yaani kwa saa ya kweli ilikuwa imeshapita saa tisa. Kwenye lebo wanaandika saa kwa kalamu, mfuko unaondoka, kisha baadaye wanairudisha saa ya seva ili mfumo ukubaliane na lebo.

Nilidhani labda wamepima na kuchelewa kuandika tu. Nikaenda kutazama mashine ya vipimo. Ina kihesabu chake kisichojua habari za seva. Siku ile ilipima mara arobaini. Majibu yaliyoandikwa ni arobaini na sita.

Mifuko sita, Mjomba, imeingia kwenye mishipa ya watu bila kupimwa.

Tangu Alhamisi kadi yangu haifungui chumba cha seva. Meza yangu imehamishiwa stoo ya makasha, eti wanapaka rangi. Hakuna anayepaka rangi. Nilichopata nimeshakinakili kwenye karatasi na hakipo hapa kazini.

Ninaandaa barua kwa bodi ya wakaguzi. Lakini jina lako limo kwenye kila ukurasa, na sitaki waanze kukutafuta wewe. Niandikie tamko fupi, mistari mitatu, kwamba hujaitumia akaunti ile tangu ustaafu na hujui aliyeipata. Nitaliambatanisha. Nitakusubiri hadi Ijumaa tarehe 29.

Chiriku wako


Ijumaa, 5 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Samahani kwa kimya. Kitinda amejifungua tarehe 28, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mapafu ya mpiga tarumbeta. Lakini baada ya mtoto kutoka, damu ilikataa kusimama. Sitaki kukueleza nilivyomwona. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walimwita daktari wa zamu, akaagiza mifuko miwili, ikaletwa kwa gari la dharura kutoka kwenu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido mifuko ilipopita. Niliisoma lebo. Kupimwa, saa tano na dakika arobaini.

Sasa ananyonyesha, anakula, anagombana na mama yake juu ya namna ya kumfunga mtoto nepi. Tunashukuru.

Kuhusu lile tamko, tutazungumza. Bado sijatulia kichwa.

Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu hilo kabla ya mengine. Tarehe 28, Alhamisi, saa ilirudi?

Mjomba wako


Jumanne, 9 Aprili

Mjomba,

Ndiyo, ilirudi; kumbukumbu za seva bado nazisoma kwa kompyuta ya huku stoo. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, ikarudishwa hadi saa tano na dakika thelathini na nane. Lango liligoma, na mimi nikiwa stoo nilisikia dada wa mapokezi akilalamika ng'ambo ya ukuta.

Mifuko ya Kitinda ni miongoni mwa minne iliyoandikwa ndani ya muda huo. Namba zake ninazo, kutoka daftari la dirishani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Katika barua zetu zote niliyekuwa ninahangaika na saa ni mimi. Wewe ulikuwa unaniambia ufunguo, majina, betri. Mtu asiyejua angeniuliza kesi imefikia wapi, angeniuliza mwizi ni nani, angenikemea kwa kusubiri. Wewe ulisoma lebo ukaogopa saa iliyoandikwa juu yake. Nani alikufundisha kuiogopa?

Nilikusubiri hadi tarehe 29, kisha nikajiambia posta imechelewa, nikakusubiri tena wiki nzima. Kama ningeipeleka barua kwa wakaguzi tarehe 25, huenda wangekuwa wameshafunga maabara kabla ya tarehe 28. Hilo ni langu, nitalibeba. Niliwasubirisha watu wote kwa sababu ya jina lako.

Jana asubuhi nimeipeleka kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Jina lako limo kama lilivyo kwenye kumbukumbu. Barua zako sijaziambatanisha. Andika yako mwenyewe.

Mpeleke Kitinda apimwe kesho. Usimwambie kwamba ni kawaida tu.

Chiriku


Ijumaa, 12 Aprili

Chiriku,

Hukuniamkia, na sikudai.

Ni mimi niliyemfundisha Daktari. Miaka minne iliyopita umeme ulipiga, kompyuta ya maabara ikafa kwa nusu siku. Mashine ya vipimo ilikuwa inafanya kazi, majibu kumi na moja yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi, nimeyaona kwa macho yangu. Mgonjwa alikuwa ameshalazwa juu ya meza ya upasuaji, damu ikatoka. Kompyuta ilipopona, mfumo ukataka kuandika majibu kwa saa ya wakati ule, ionekane damu ilitoka kabla ya kupimwa. Daktari alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango. Akasema, "Mzee Waya, damu imepimwa, unajua imepimwa. Nitafukuzwa kwa sababu ya umeme?" Nikairudisha saa dakika thelathini. Nilijiona mtu mwema. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri.

Mara ya pili karatasi ilikuwepo pia. Mara ya tatu sikuiomba karatasi. Sijui kwa nini sikuiomba. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa na haraka, na tulikuwa tumeshazoeana.

Kisha ikawa kero kuniita kila mara. Nikaandika neno la siri kwenye kipande cha boksi la glavu, nikampa. Lango ndilo lililokuwa linapiga kelele kila mara saa ikirudi nyuma, kwa hiyo nikaliambia lifuate seva kuu. Likanyamaza. Miaka hiyo yote halikusema kitu, mpaka ulipoingia wewe na elimu yako ya chuo.

Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilijua tangu nusu ya kwanza ya ukurasa. Mengine niliyokuandikia unayajua.

Kuna jambo hujui. Siku ile kwenye korido, nesi aliyebeba mifuko aliniona nimeikodolea macho lebo. Alisimama. Akaniuliza, "Baba, una swali?" Mfuko ulikuwa bado haujatundikwa. Nilimtazama yule nesi. Nikawaza, akichelewa kidogo mwanangu anakufa. Nikasema moyoni, labda leo wamepima. Nikamjibu, "Sina." Nimelifikiria lile jibu kila siku tangu hapo na bado sijui lingekuwa lipi sahihi. Ninachojua ni kwamba baba mwingine yeyote kwenye ile korido asingekuwa na haja ya kuchagua.

Nimemwambia Kitinda. Alikuwa ananyonyesha. Alimtoa mtoto kwenye titi taratibu, akamfunika, akaniomba nitoke chumbani. Mama yake hajasema na mimi tangu juzi. Chakula kinawekwa mezani na mlango unafungwa.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa mbili za tamko langu kwa wakaguzi, nimetia saini kila ukurasa. Usizisome. Zipeleke tu.

Mjomba wako


Jumatatu, 6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu wakaguzi walitukataza kuandika chochote hadi wamalize. Walikuja tarehe 17, watu watano, wakafunga maabara kwa lakiri. Daktari alikuwa ndani. Alivua koti lake jeupe akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka nao. Hakunitazama. Mimi niliitwa siku tatu mfululizo kuwasomea zile kumbukumbu mstari kwa mstari.

Walikwenda nyuma mwaka mmoja tu, maana sampuli zinatunzwa mwaka mmoja. Kila mfuko unaotoka, kichupa chake kinabaki kwenye friza. Mifuko iliyotoka bila kupimwa kwa mwaka huo ni thelathini na moja. Vichupa vyote vimepimwa upya, mara mbili, kwenye maabara nyingine.

Thelathini ni safi. Miwili ya Kitinda ni miongoni mwa hiyo. Nimeona namba zake kwa macho yangu, nimezisoma na mkaguzi pamoja, kidole kwa kidole. Mwambie leo hii, usisubiri jioni. Yale majibu ya kipimo alichofanyiwa Aprili yalikuwa safi ila ya mapema mno, na haya ndiyo yanayomaliza shaka.

Mmoja una homa ya ini. Ulikwenda kwa mwashi aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga.

Wameanza kuwaita wote, mmoja mmoja. Miaka mitatu ya kabla ya hapo hakuna vichupa, kwa hiyo hakuna anayejua.

Chiriku


Ijumaa, 10 Mei

Chiriku, mwanangu, mboni ya jicho langu,

Barua yako ilifika jana saa nne. Sikumaliza kuisoma, nilikimbia nayo ndani na mguu huu huu. Kitinda aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye namba zake mama yake alikaa chini sakafuni, akalia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Leo tumekula pamoja kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mtoto nimerudishiwa nimbebe.

Mungu ametutazama. Sijui nimwambieje ahsante. Nilishajiandaa kwa kila kitu isipokuwa huruma. Nahisi kama mtu aliyesomewa hukumu kisha akaambiwa walikosea jina. Usiku wa jana nimelala usingizi wa kweli.

Mke wangu anasema ukipata likizo uje, umwone mtoto. Kitinda anataka umpe wewe jina la utani, maana anasema ana domo kama lako.

Wakaguzi wameniandikia, wananitaka Alhamisi ijayo. Nitakwenda, sina hofu tena. Maadamu wetu wamepona, mengine tutayavuka.

Mjomba wako mwenye furaha


Jumatatu, 13 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kwa Kitinda, na nimelia kama mlivyolia. Mtoto nitakuja kumwona.

Barua yako ina kurasa mbili, na mwashi hayumo hata kwa mstari mmoja.

Alikuja Ijumaa, labda saa ile ile mlipokuwa mnakula. Kwa kuwa maabara imefungwa, wanaoitwa wanapokelewa kwenye stoo yangu ya makasha, na mimi ndiye ninayewatafutia rekodi zao. Alikuja na magongo mawili na mke wake. Ni mtu mkubwa wa mwili, ana vumbi la saruji kwenye kucha ambalo nadhani halitatoka tena. Daktari wa wakaguzi alimweleza taratibu: kwamba watu wazima wengi miili yao huishinda homa hii yenyewe, kwamba itabidi asubiri miezi sita kujua kama yeye ni miongoni mwao, kwamba mkewe apimwe na achanjwe. Mke wake aliuliza kama watoto wanaweza kunywa kwenye kikombe chake. Akajibiwa kwamba kikombe hakina neno. Akauliza tena swali lile lile.

Mwashi mwenyewe akatoa mfukoni ile fomu ya hospitali, ameikunja ndani ya karatasi ya nailoni isilowe, akainyoosha juu ya meza yangu. Akaweka kidole. "Lakini dada, hapa wameandika. Imepimwa saa nane na robo. Kuna na saini." Aliniambia kwa upole, kama anayenisaidia kuona kitu kilichonipita. "Kumbe walipima, ila mashine ndiyo ilikosea?"

Daktari wa wakaguzi alinitazama. Nikamwambia hapana, haikupimwa. Nikamweleza habari ya saa, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikudhani angeelewa, lakini alielewa haraka kuliko watu wengi wa hapa kazini. Akasema, "Yaani walijenga ukuta wa mbele tu."

Mfuko ule ulitoka tarehe 20 Machi. Siku moja kabla yake ulikuwa umekaa uani kwako, unaniandikia kuhusu betri.

Alhamisi utaitwa saa tatu asubuhi. Yeye pia ameitwa, na mkewe, na wengine sita. Mtakuwa chumba kimoja. Panda gari la kwanza. Nitakungoja mlangoni na tutaingia pamoja, lakini kiti cha nyuma usikitafute. Kaa pale anapoweza kukuona.

Alipokuwa anaondoka alisimama juu ya magongo yake akaniuliza kama huyo mtu aliyeianzisha kazi ya kurudisha saa bado yuko hai, au naye wamemficha. Dada wa mapokezi alikuwepo, wakaguzi walikuwepo, mke wake alikuwepo.

Nimemwambia yuko hai, na kwamba ni mjomba wangu.

Chiriku